Saa Moja na Dakika Ishirini

Kilichobaki kilikuwa idhini ya mwari tu. Halua ilishakatwa, ubani ulishafukizwa, mashahidi wawili walishaketi mkekani, na Sheikh Barka, kadhi aliyekuja kuifunga ndoa, alishajiinua nusu aende penye pazia kumuuliza Swafiya kama ameridhia. Ndipo Ami Hadi, ndugu wa marehemu baba yake, alipokiweka chini kikombe chake cha kahawa na kukohoa.

"Keti, Sheikh," alisema. "Ndoa hii haifungiki yeo."

Swafiya alikuwa ndani, nyuma ya pazia hilo hilo, mikono yake miwili imeiva hina. Mamake, Bi Nur, alikuwa kulia kwake, na kushoto kwake shangazi yake Shifaa. Kule msanani, walikoketi wanaume, mtu mmoja alivuta kamasi.

"Haifungiki kwa nini, Bwana Hadi?" Sheikh Barka aliuliza.

"Kwa sababu wali yupo."

"Wali yuko Mombasa."

"Ndilo nisemalo. Yuko Mombasa. Na Mombasa siku hizi ni karibu."

Huyo wali, msimamizi wa ndoa yake, alikuwa Khatib, kaka yake Swafiya wa baba na mama. Baba yao alikuwa amekufa, na mwanamke wa Lamu haolewi bila ya wali wake, hilo halina mjadala. Basi mambo yote ya Swafiya yalikuwa mkononi mwa Khatib, naye Khatib alikuwa na duka lake Mombasa, ana mke huko na nyumba ya ghorofa, na huko ndiko alikoketi. Tangu Fadhil alipopeleka posa ilikuwa miaka miwili. Khatib hakukataa. Angekataa ingekuwa nafuu, mtu angejua pa kushika. Kila alipoandikiwa alijibu kwa adabu kubwa, "Nakuja mwezi ujao, msifanye haraka, jambo la heri halina pupa." Mwezi ujao ukafika, ukapita. Sheikh Barka mwenyewe alimwandikia mara tatu. Mara tatu akajibiwa kwamba anakuja.

Sasa muda ulikuwa umekwisha. Fadhil alikuwa karani wa kampuni ya ndege pale Manda, kisiwa cha ng'ambo chenye uwanja wa ndege, na kampuni ilikuwa imemhamishia Nairobi. Alitakiwa kuondoka kwa ndege ya Ijumaa, na leo ilikuwa Jumatano. Ndoa ikifungwa, Ijumaa wangepanda wawili. Isipofungwa angepanda peke yake, na Swafiya angebaki kwenye nyumba ile akingoja barua nyingine yenye adabu.

"Bwana Hadi," Sheikh alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejizuia, "wewe na mimi tumesoma chuo kimoja kwa mwalimu mmoja. Wali akiwa mbali masafa ya marhala mbili, kadhi husimama mahali pake. Marhala mbili ni mwendo wa siku mbili wa wanyama waliopakiwa mizigo. Kutoka hapa hadi Mombasa zimo hizo marhala mbili na nyingine juu yake."

"Tulisoma hivyo kabla ya ndege kuya. Wanyama gani tena, Sheikh? Mtu huketi kitini akapewa peremende, na kabla peremende haijayeyuka amefika Manda."

"Nani kakwambia hayo?"

"Muulize bwana harusi. Maneno ni yake, mimi nayarejea tu."

Swafiya alifumba macho. Alijua maneno gani.

Mji mzima uliyajua. Fadhil alikuwa mtu mzuri, mpole, mchapa kazi, lakini alikuwa na kilema kimoja, nacho kilikuwa ndege. Alipanda cheo uwanjani Manda kutoka kufukuza paa kwenye njia ya ndege ili itue, mpaka kupima mizigo, mpaka kuandika majina ya abiria kwa mkono wake mzuri. Na kila alipokaa barazani alikuwa hana hadithi nyingine. Mombasa na Malindi, dakika thelathini na tano. Malindi na Manda, dakika arobaini na tano. Maili mia na hamsini zinakatwa kwa saa moja na dakika ishirini angani. "Nyinyi anzeni safari ya kwenda Kipungani kwa miguu," alipenda kusema, "na mimi niende Mombasa kwa ndege. Mkifika Kipungani mtanikuta nimekwenda, nimerudi, na nimeshakunywa chai." Watu wakicheka, anazidisha. "Mombasa si mbali tena, jamaa zangu. Mombasa ni mtaa wa pili."

Swafiya naye alimpenda kwa hayo hayo. Walijuana siku alipopeleka kifurushi cha mamake ofisini kwao, kiende kwa Khatib. Fadhil alikiweka kwenye mizani, akatazama sindano, kisha akainua macho, akasahau kusoma ratili ni ngapi. Akakipima tena. Akasahau tena. Mara ya tatu Swafiya alicheka ndani ya buibui, na Fadhil akasema bila ya kumtazama, "Bi, ukicheka mizani inatikisika." Tangu siku hiyo vifurushi vya kwenda Mombasa vilizidi, na Bi Nur akashangaa mbona bintiye amempenda kakake ghafla kiasi hicho.

Sasa maneno yale yaliyowachekesha watu barazani yalikuwa yamerudi kumfungia mlango.

"Ulisema au hukusema?" Ami Hadi alikuwa akimuuliza Fadhil.

"Nilisema, Bwana Hadi."

"Mombasa ni mtaa wa pili?"

"Nilisema hivyo."

"Basi wali wa mwana huyu yuko mtaa wa pili. Na mtu aliye mtaa wa pili huitwa, haozewi dadake nyuma ya kisogo."

Swafiya alingoja. Alingoja Fadhil aseme neno, lolote, hata baya. Kupitia pindo la pazia aliuona mgongo wake mpana ndani ya kanzu mpya, na shingo yake iliyoinama. Fadhil alikuwa akitazama mkeka.

Ni Sheikh aliyesema. "Vitabu havikutaja dakika, Bwana Hadi. Vimetaja masafa. Mtu angeweza kuruka akafika kwa kupepesa jicho, nti hii tuikanyagayo bado ni ile ile, haikukunjwa."

"Wewe wataka kufunga ndoa ya kuibia?"

"Nataka uniambie kosa la mwana huyu ni lipi."

Hapo Swafiya aliinuka. Mamake alimshika leso, akamvuta kwa nguvu za mtu asiyezoea kumvuta mtu. "Mwanangu, wanaume wanazungumza."

"Wananizungumza mimi, mama."

Akasogea mpaka pazia likamgusa pua, akasema kwa sauti iliyosikika hadi dakani, penye mlango wa nje.

"Ami, assalamu alaykum."

"Wa alaykumu salam," Ami Hadi alijibu kwa mazoea, kisha akakasirika kuwa amejibu. "Swafiya, hapa si pahali pako."

"Najua. Nina swali moja tu, kisha ninyamaze. Mombasa ni mbali au ni karibu?"

"Umesikia. Ni karibu."

"Saa moja na dakika ishirini."

"Naam."

"Miaka miwili, Ami, ina saa ngapi? Mtu aliyetaka kuja ametafuta saa moja na dakika ishirini ndani ya miaka miwili akaikosa? Kama Mombasa ni mbali, basi kakangu hayupo, na Sheikh aniozeshe. Kama ni karibu, basi kakangu amekataa, ila hana ujasiri wa kusema. Na wali akimkatalia mwanamke bila ya sababu, kadhi pia humuozesha. Hilo pia mlilisoma, wewe na Sheikh, chuo kimoja. Basi chagua, Ami. Mbali au karibu, lolote utakalo. Lakini usinipe yote mawili, ya mbali kwa kunizuia na ya karibu kwa kunizuia."

Mmoja wa mashahidi alisema "Subhanallah" chini kwa chini. Shifaa alijipiga paja.

"Bwana Hadi," Sheikh Barka alisema, "mwana amekuuliza."

Ami Hadi hakuwa mtu mbaya. Hili linafaa kusemwa, kwa sababu siku ile wengi walimwona mbaya. Alikuwa mtu aliyeamini kwamba neno la mtoto wa kakake ni sawa na neno la kakake mwenyewe aliyelala kaburini.

"Khatib hakukataa," alisema polepole. "Khatib ni mgonjwa. Ninyi hamjui, kaniandikia mimi peke yangu, asitake kumtia mamake hofu. Moyo wamdunda. Daktari kamkataza kupanda ndege mwaka mzima. Sasa, kwa barua yake ya juzi, amepata nafuu, atakuya Ijumaa ya wiki ijayo. Nami nimempa ahadi kwamba hapafungwi kitu mpaka akanyage hapa. Ahadi yangu mimi. Mkimuozesha sasa, mimi natoka na sitarudi kukanyaga nyumba hii."

Bi Nur alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyechomwa na sindano. Mwanawe mgonjwa, naye hakuambiwa.

Sheikh Barka aliguna. Sheria ilikuwa upande wake, na alijua. Lakini aliijua pia nyumba ile, na hakutaka mwari atoke mlango mmoja na ami yake atoke mwingine wasionane tena. Adhana ya alasiri ilimsaidia. "Twendeni tukasali," alisema. "Tukirudi, nitafunga au sitafunga."

Wanaume walivaa viatu. Fadhil alikuwa wa mwisho, na alipofika dakani Shifaa alimwita.

"Ndoo hapa, mwana wa watu. Usali huku huku kwetu, Mungu yupo. Simama hapo mlangoni, usivuke kizingiti. Nami nimekaa hapa katikati, masikio yangu hayana kazi nyingine."

Fadhil alirudi akasimama mlango wa ndani, penye pazia. Swafiya alikuwa upande wa pili wa kitambaa, karibu kiasi cha kuunusa uturi aliojipaka kwa ajili yake. Siku nyingine harufu hiyo ingemfurahisha. Leo ilimwongezea hasira.

"Umenyamaza," alisema.

"Yule ni ami yako. Ni mtu mzima. Nitamjibuje mbele za watu?"

"Mimi nimemjibu."

"Wewe ni damu yake. Mimi ni mtoto wa mkulima wa Mbwajumali, hata kanzu hii wanaitazama mara mbili. Ningemjibu angesema, mwaona, hana adabu, ndiyo maana Khatib hamtaki."

"Kwa hiyo umeuhifadhi uso wako mkekani."

"Swafiya, nikifika Nairobi nitaandika tena. Si mbali. Ni maili mia mbili na themanini na..."

"Hata sasa wanipimia."

Fadhil akashusha mkono aliokuwa akihesabia.

"Wewe ndiye uliyeisogeza Mombasa karibu," Swafiya alisema. "Wewe, kwa mdomo wako, kila baraza. Sasa imesogea mpaka imeniangukia. Na kakangu ni mgonjwa, wasema moyo wamdunda, na mamangu huyu hapa analia, na mimi nionekane ninafanya arusi huku ndugu yangu..."

"Moyo haumdundi," Fadhil alisema.

Ilimtoka tu. Mtu huijua sauti ya neno lililomponyoka mwenziwe. Shifaa naye aliijua, akaacha kupunga kipepeo chake.

"Umejuaje?" Swafiya aliuliza.

Fadhil alirudi nyuma hatua moja.

"Fadhil. Umejuaje?"

"Nilimwona."

"Wapi? Hujafika Mombasa tangu mwaka jana."

"Manda," alisema, na sauti yake ilikuwa imekauka. "Mwezi wa Shaaban. Ilikuwa Jumanne. Aliteremka kwenye ndege ya asubuhi, yeye na Bwana Ridhwani, yule muuza vitambaa rafiki yake, aliyefiwa na mke. Walikuwa wanakuja hapa. Walikuja ili Bwana Ridhwani akuone."

Swafiya alihisi hina imemkaza vidole.

"Bwana Ridhwani hakuwahi kupanda ndege," Fadhil aliendelea. "Alitapika kutoka Malindi mpaka Manda, dakika zote arobaini na tano. Mfuko ulijaa, akatapikia kofia yake. Alipoteremka alikuwa kijani. Nikamwonyesha mashua ya kuvukia, akaitazama inavyoyumba, akaapa kwa Mungu hapandi kitu kingine kinachotikisika isipokuwa kile kitakachomrudisha kwake. Na ndege nyingine ingekuja Ijumaa. Basi wakarudi na ile ile."

Shifaa alianza kucheka. Alicheka kicheko kimoja kirefu, kisha akaona uso wa Bi Nur, akakimeza.

"Walikaa muda gani Manda?" Swafiya aliuliza.

"Dakika arobaini."

"Kuvuka mpaka hapa ni dakika ngapi?"

"Kumi na tano."

"Kutoka gatini pale nyumba zetu zinaonekana?"

"Zinaonekana."

"Shaaban, Jumanne," Swafiya alisema. "Mamangu alikuwa na homa wiki ile. Wewe mwenyewe ulileta machungwa. Alikuwa akilitaja jina la Khatib usingizini, na wewe umesimama pale dakani na machungwa yako, umetoka kuagana naye."

"Aliniomba nisiseme. Alisema, ukinyamaza, Ramadhani ikipita nakupa idhini ya dadangu kwa maandishi. Aliniapia. Swafiya, nilitaka idhini ile kuliko kitu chochote. Miaka miwili nimeandika majina ya abiria, kila Jumanne na Ijumaa, nikitafuta jina lake. Siku alipokuja akaniambia neno moja tu, nyamaza, na mimi..."

"Na wewe ukanyamaza. Ndiyo kazi yako leo yote."

"Niliogopa kukupoteza."

"Sikiliza," alisema, na hakupaza sauti, aliishusha. "Kakangu alikupa mimi, nawe ukampa kimya. Mmebadilishana. Yeye alileta mtu wa kunitazama kama ng'ombe wa mnadani, na wewe ulinificha hilo. Hakuna kati yenu aliyenijia akaniuliza, Swafiya, wewe waonaje. Wote mmeniweka juu ya ile mizani yako, mkatazama sindano."

Fadhil alijifuta uso kwa mkono wa kanzu mpya.

"Nifanye nini?" alisema.

"Wakirudi, sema."

"Nikisema nitaiaibisha nyumba yenu. Mbele ya kadhi na mashahidi."

"Nyumba imeaibishwa zamani, ila ilikuwa haijaambiwa."

"Na mimi nitaonekana nilikula njama. Ami yako anaweza kusema huyu hata si mtu wa kuozeshwa."

"Anaweza."

"Nawe pia waweza kusema hivyo."

"Naam," Swafiya alisema. "Nami pia naweza. Nenda ukasali."

Wanaume walirudi kutoka msikitini, wakaketi. Kahawa ilimiminwa upya, hakuna aliyeigusa. Swafiya alirudi mahali pake nyuma ya pazia. Bi Nur hakuwa akilia tena. Alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho bintiye hakuwahi kukiona, kigumu.

"Sheikh," Fadhil alisema. "Kabla hujasema lako, nina langu."

Safari hii hakutazama mkeka. Alilieleza jambo lote kama anavyoandika majina, mstari baada ya mstari. Ndege iliruka Mombasa saa moja na nusu asubuhi. Ikatua Malindi saa mbili na dakika tano, ikapumzika robo saa. Saa tatu na dakika tano ilikuwa Manda. Abiria wanne, wa pili Khatib, wa tatu Bwana Ridhwani. Saa tatu na dakika arobaini na tano iliruka tena, na wawili hao walikuwa ndani yake.

"Una hakika ni Khatib?" Ami Hadi aliuliza. "Majina hufanana."

"Bwana Hadi, ile barua aliyokuandikia kuwa ni mgonjwa, nani alikuletea?"

Ami Hadi alifikiri. "Wewe. Uliniletea dukani."

"Aliiandika pale pale Manda. Alikaa chini ya bawa la ndege, kivulini, akaiweka karatasi gotini. Aliazima kalamu yangu. Akaandika kwamba daktari amemkataza kupanda ndege, akaikunja, akanipa mkononi nikuletee. Mimi sikujua mna nini ndani yake mpaka leo uliposema."

Kisha Fadhil akaongeza jambo ambalo angeweza kuliacha, na hakuna ambaye angelijua isipokuwa wanawake watatu nyuma ya kitambaa.

"Na mimi nilikubali kumfichia. Aliniahidi Swafiya, nikakubali. Miezi miwili nimeingia nyumba hii nikala na kunywa, nikamtazama Bi Nur machoni. Hilo ni langu, si la Khatib. Mkiona sifai, semeni sasa."

Ami Hadi aliinuka. Alisimama kwa muda, mtu mrefu, mikono yake haijui pa kwenda. Wote walidhani anatoka. Alikwenda mpaka penye pazia.

"Bi Nur," alisema, "mke wa kakangu. Mwanao amenifanya komeo la kukufungia mlango wako. Nami nilikubali, nikajiona nimesimama imara. Nisamehe."

"Wewe nimekusamehe, Hadi," Bi Nur alijibu. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kusema na wanaume. "Huyo mwingine atasubiri. Hata akija kwa hiyo ndege yake."

Ami Hadi akageuka. "Sheikh, ahadi niliyompa nimeirudisha. Sema ni mbali, sema ni karibu, mimi sina neno. Funga."

Sheikh Barka akashusha pumzi ndefu, akavuta joho lake, akaja penye pazia, mashahidi nyuma yake.

"Swafiya binti Ahmed," alisema, "wanipa idhini nikuozeshe kwa Fadhil bin Nassor?"

Swafiya alinyamaza.

Alikuwa na mengi ya kupima na hakuna aliyempa muda. Alimwona tena akisahau kusoma sindano mara tatu. Alimwona na machungwa yake dakani. Alimsikia sasa hivi akisema hilo ni langu, mbele ya watu ambao kanzu yake wanaitazama mara mbili. Kakake alikuwa na duka, ghorofa na jina, na hakuwahi hata siku moja kusema hilo ni langu. Moyo wake ulimtaka Fadhil, ulimtaka vibaya, na hilo nalo lilimkasirisha, kwamba mtu aweza kukukosea na moyo usiondoke pale ulipo.

Sheikh aliuliza mara ya pili. Kimya. Akauliza mara ya tatu. Kule msanani Fadhil alikuwa amefunga macho.

"Alhamdulillah," Sheikh alisema. "Kimya cha mwari ndiyo idhini yake." Akageuka kurudi mkekani.

"Sheikh," Swafiya alisema. "Kimya hicho usikichukue. Si cha haya. Ni cha hasira."

Shifaa akamnong'oneza, "Mwanangu, wataka kutuua?"

Sheikh Barka alirudi. Alikuwa ameozesha watu miaka thelathini, na hakuwahi kuombwa arudishe kimya. "Basi niambie kwa ulimi," alisema. "Wataka au hutaki?"

"Nataka. Nimekupa idhini uniozeshe kwa Fadhil bin Nassor, kwa hiari yangu, na hakuna aliyenijibia. Lakini umfikishie hili kabla hujampa mkono. Idhini nimetoa. Msamaha bado. Ijumaa nitapanda naye, nitakwenda naye atakakokwenda, na huko nitamkasirikia mpaka hasira ziniishe. Kama anataka mke aliyekwisha kumsamehe, angoje, asifunge leo wala asiniharakishe."

Sheikh alimtazama Fadhil, aliyekuwa amesikia kila neno kwa sababu nyumba nzima ilikuwa imesikia.

"Umeyasikia?"

"Nimeyasikia."

"Wamtaka hivyo hivyo?"

Fadhil alimnyooshea Sheikh mkono wake mbele ya watu wote.

"Hivyo hivyo, Sheikh," alisema. "Nakubali hivyo hivyo."